Bolti imekatika, sijaikata

Leo nimekatikiwa na bolti. Ya kichwa namba 10, ile inayoshika nyumba ya thamostati (kivalvu kinachozuia maji ya injini yasizunguke mpaka yapate moto), chenyewe kibolti unene wake milimita 6 tu, ukikiona mkononi unaweza kukidharau. Na kazi ilikuwa ndogo, gari inachelewa kupata moto na mshale wa temperecha unashuka ukishaingia barabara kubwa, hiyo ni thamostati imegoma kufunga, unamwaga maji, unafungua bolti mbili, unatoa ya zamani unaweka mpya na oringi yake, unajaza kulanti, yaani maji ya kupozea injini, unatoa hewa, basi. Nikamwambia mwenye gari dada kaa hapo kwenye benchi, ndani ya saa moja hivi utakuwa umeshaondoka. Bolti ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili nikaipulizia dawa ya kutu, nikaiacha inywe, nikaigonga kichwani kidogo na nyundo, nikaanza kuigeuza taratiiibu, nikahisi inakuja, na kama we ni fundi hiyo hali unaijua, ile inakuja lakini kwa ulaini ambao sio wa kawaida, kama unanyonga mpira. Alafu tak. Kichwa kiko mkononi, mwili umebaki ndani ya bloku, yaani mwili wenyewe wa injini.

Nikakikodolea macho kile kichwa kama dakika nzima hivi. Alafu nikainuka nikaenda kwenye benchi.

"Dada samahani, bolti moja imekatika."

"Umeikata?"

Sasa hapo ndo pananifanya niandike usiku huu badala ya kulala. Kiswahili chetu kinajua kutofautisha, ukisema imekatika maana yake hamna aliyekusudia, kitu kimefika mwisho wake chenyewe. Ukisema umeikata, kuna mtu na spana yake. Nina miaka 16 kwenye hii kazi, na ugomvi mwingi niliowahi kugombana na wateja, ukiuchuja vizuri ukaondoa kelele zote, unabaki hapo, kwenye hako ka-silabi. Mteja akija gereji kila kitu kwenye gari yake kimejifanya chenyewe. Oili imeisha. Mshale umepanda. Breki zimeanza kulia. Bampa imekwaruzika, utadhani iliamka usiku ikaenda kujisugua ukutani. Ila gari ikishapandishwa tu kwenye jeki, kila kitenzi kinanipata mimi. Imevuja inakuwa umeivujisha. Imezima inakuwa umeizima. Ikiharibika taa ya ndani wiki tatu baada ya mimi kubadilisha pedi za breki, ni "fundi tangu uiguse gari yangu."

Tangu uiguse. Jamani hilo neno. Niliwahi kupigiwa simu na mtu niliyemwekea beringi ya tairi la nyuma, ananiambia tangu uiguse, redio haishiki stesheni. Beringi na redio. Nikajaribu kumweleza kuwa kati ya kile nilichogusa na redio yake kuna gari nzima, akanijibu yeye hajui mambo ya kiufundi anachojua ni kwamba kabla sijaigusa ilikuwa inaimba.

Kuhusu ile bolti ngoja niseme ukweli wake kwanza. Bolti ni chuma, bloku ni aluminiamu, hizo ni metali mbili tofauti zimebanwa pamoja na kuna unyevu, hapo aluminiamu inaliwa polepole na inatoa unga mweupe, ule unga unajaa kwenye meno ya bolti mpaka inakuwa kama imemwagiwa zege. Kulanti nzuri ina dawa ndani yake ya kupunguza huo ulaji, ndo maana tunaimba kila siku usiweke maji matupu. Nilivyofungua ile gari maji yalitoka na rangi ya matofali. Hapo nilitakiwa nishtuke. Nilitakiwa nisimame nimwite mwenye gari, nimwonyeshe yale maji, nimwambie dada bolti za huku ndani huenda zimekamata, naweza kufungua zikatoka na naweza kufungua zikakatika, niendelee au nisiendelee? Sikumwambia. Nilikuwa nimeshatamka saa moja, na mtu ukishatamka muda unaanza kuukimbiza.

Lakini acha nirudi kwa wateja kidogo maana kifua bado kimejaa.

Kinachochosha kwenye hii kazi, ukiacha mgongo na vidole vinavyochubuka, ni hadithi ya gari. Daktari anaweza kumuuliza mgonjwa unaumwa wapi, mimi namuuliza mtu ambaye haumwi, na mara nyingine ana sababu za kunificha. "Imechemka kidogo tu fundi." Hiyo "kidogo tu" naiogopa kuliko "ilizima ikatoa moshi." Kuna bwana mmoja alikuja na hiyo kidogo tu, nikajaza maji yakawa yanarudi juu yanatoka mapovu, oili kwenye kifuniko imekuwa nyeupe kama maziwa, nikamwambia hii gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imekwenda, akasema haiwezekani. Tukatoa hedi nikaweka rula ya chuma juu yake na fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Injini nyingi za siku hizi hedi ikipinda zaidi ya milimita 0.05 ni ya kupeleka kusawazishwa, hiyo ni kama nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia, ile yake fila inapita mpaka unaona mwanga upande wa pili. Ndo baadaye kabisa, tena aliyesema ni mtoto wake aliyekuja naye kuchukua gari, "baba si ulisema tufike tu nyumbani." Kumbe waliiendesha ikiwa nyekundu mpaka mshale ukarudi wenyewe chini, na wakafurahi kuwa imepoa. Mshale ulirudi kwa sababu maji yaliisha, ile sensa ikabaki inapima mvuke na hewa. Angeniambia siku ya kwanza ningejua pa kuanzia. Lakini angeniambia maana yake angesema niliichemsha, na hakuna anayeichemsha gari, zinachemka.

Kuna gari moja ndo ilinifundisha kuhusu kulipwa, na hii nitaisimulia yote.

Ililetwa imevutwa. Inazima barabarani baada ya kama dakika 40, ukikaa nusu saa inawaka kama haijawahi kuwa na shida. Ilishapita kwa mafundi wawili, imewekwa pampu ya mafuta mpya, plagi mpya, betri mpya, bado inazima. Na kama kawaida ikifika gereji inawaka hata hujamaliza kuzungusha ufunguo, inanguruma imetulia kabisa. Nikachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, hamna kosa lolote limehifadhiwa. Nikaiacha iwake imesimama saa nzima, haikuzima. Mwenye gari kila akipiga simu swali ni moja, umepata? Sijapata. Unafanya nini sasa? Naisubiri izime. Kimya cha upande wa pili ukikisikia unajua mtu anakuona mwizi.

Siku ya pili nikaamua niitembeze na mashine ikiwa imechomekwa, jua kali, foleni, kiyoyozi kimewashwa, niitese na mimi niteseke. Ikazima nikiwa kwenye kilima. Sikuharakisha kuitoa barabarani kama ambavyo mtu mwenye akili angefanya, niliweka hazadi nikapiga stata huku naangalia mashine, injini inazunguka naisikia kwa masikio yangu lakini kwenye mashine mzunguko unasoma sifuri. Hapo nikacheka peke yangu ndani ya gari. Sensa ya karanki. Kompyuta haioni injini inazunguka, kwa hiyo haitoi cheche wala mafuta, yenyewe inajua gari imesimama tu. Nikachomoa soketi ya sensa nikapima na mita, waya wa ndani umekatika kabisa, haipitishi. Nikakaa pembeni ya barabara nikapima tena baada ya dakika 20, imepoa, inapitisha. Joto linatanua kiwaya chembamba kilichokuwa na ufa, ufa unafunguka, ikipoa vinakutana tena. Hiyo ndo siri yote ya gari iliyokula pampu, plagi na betri.

Kuibadilisha, dakika 15. Bolti moja, namba 10 hiyohiyo.

Mwenye gari akakishika kile kidude cha zamani, anakigeuza geuza. "Kumbe ni haka tu?" Nikasema ndiyo. "Dakika 15 fundi, alafu unataka hela yote hii? Tena gari yangu umeitembelea siku mbili, mafuta yamepungua." Nikawa sina la kusema. Kweli niliitembelea. Nikapunguza, na niliendelea kupunguza kwa miaka mingi tu, maana mtu anaelewa hela ya kitu anachoweza kukishika, ile ya kufikiri haina pa kushikwa. Wale mafundi wa kwanza wawili walilipwa vizuri kuliko mimi, wao walimpa maboksi. Siku hizi natenganisha. Kutafuta tatizo kuna bei yake na naitaja kabla sijafungua boneti, nikipata au nisipopata, na kutengeneza kuna bei yake. Wengine wanaondoka hapohapo wanasema fundi huyu anauza macho. Sawa, wanaobaki tunaelewana.

Na mashine nayo imetuletea balaa lake. Watu wanadhani ukichomeka inakuandikia badilisha hiki. Tangu 1996 magari madogo mapya yote yanayouzwa Marekani yanatakiwa yawe na ile soketi ya OBD-II ya pini 16, ndo maana hata kamashine kadogo kanasoma magari mengi tofauti na kila mtu siku hizi anako kwenye droo ya gari. Anakuja ameshajipima. "Fundi ina P0171, niwekee oksijeni sensa." Sasa P0171 inasema tu mchanganyiko una hewa nyingi mafuta kidogo kwenye benki ya 1, yaani upande wa injini wenye silinda namba 1, haisemi kwa nini. Inaweza kuwa paipu ya vakyumu imepasuka, sensa ya hewa imechafuka, filta ya mafuta imeziba, pampu imechoka, hata ekzosi inayovuja kabla ya sensa. Ile oksijeni sensa unayotaka kuitupa ndo pekee imesema ukweli humo ndani, unamfukuza shahidi. Lakini ukimwambia anakuonyesha video. Video nyingine ni nzuri kweli, mimi mwenyewe nimejifunza mengi huko siwezi kudanganya, ila yule wa kwenye video alikuwa ameshika gari yake.

Wa kuleta spea mwenyewe sitamwongelea sana. Ikifa, nani anairudia kazi? Nilirudia wotapampu moja mara tatu kwa nguvu zangu ndo nikaacha, sasa tunaandikishana.

Wahandisi wanaochora haya magari nao wana lao jambo. Kuna gari kubadilisha balbu ya taa ya mbele unatoa bampa. Balbu! Kuna zile V6 zilizolazwa kiubavu, plagi tatu za mbele unazifikia umesimama unapiga stori, tatu za nyuma unatoa inteki manifoldi nzima, yale mabomba ya kuingiza hewa, alafu mteja anauliza mbona nusu ya plagi ndo zina bei. Kuna filta ya oili imewekwa juu ya ekseli hivyo ukiifungua inamwagia kila kitu chini yake, na wiki inayofuata mwenye gari anapiga simu kuna harufu ya kuungua tangu uiguse, na hapo kweli ni mimi.

Eeh, hapo sasa. Maana nimekaa nalalamika kuhusu vitenzi vya watu, na mimi ninacho changu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa namalizia kazi ya breki za mbele kwa mzee mmoja dereva, mtu mzima, amestaafu kuendesha malori, anajua gari kuliko wengi wetu. Tairi la kushoto nimelifunga, la kulia nimeweka nati zote tano kwa mkono, nimezisogeza kidogo ili nikaze vizuri gari ikishashuka chini. Simu ikaita. Mteja mwingine, umemaliza, bado, utamaliza saa ngapi, yale yale. Nikaongea huku nashusha jeki. Nikakata simu, nikafuta mikono, nikampa mzee ufunguo.

Hakufika mbali. Alinipigia, ametulia kabisa, "fundi njoo na spana ya tairi." Nilipofika gari iko pembeni, nati moja haipo imeshadondoka, zilizobaki nazungusha kwa vidole. Matundu ya rimu yameanza kuliwa. Na mdomo wangu, wallahi sikuutuma, ukasema, "Mzee, nati zimelegea."

Akaniangalia tu. Alafu kwa sauti ya chini, "Zimelegea, au hukuzikaza?"

Sikuzikaza. Ilinichukua muda kulitoa hilo neno, na yeye akasubiri mpaka likatoka, ndo akakaa pembeni akaniacha nifanye kazi. Hakunitukana na hakudai chochote, nilibadilisha rimu na bolti za tairi zote kwa hela yangu na bado nikimkumbuka naona aibu shingoni. Lile tairi lingeweza kutoka likiwa na mwendo. Mtu mwingine yuko kando ya barabara anatembea zake.

Toka siku hiyo simu haiingii nami chini ya gari. Nikikatishwa katikati ya kukaza kitu naanza upya kutoka nati ya kwanza, hata kama nina uhakika nilifika ya nne, hasa kama nina uhakika. Nakaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, magari madogo mengi yanataka kama nyutonimita 90 mpaka 130, unaangalia kitabu cha gari yenyewe, unakaza kwa kuvuka kama unachora nyota usizunguke kama saa, na kila nati iliyokazwa naiweka alama na maka nyeupe. Nisipoona nyeupe tano gari haiondoki. Na namwambia mtu arudi baada ya kilomita 50 mpaka 100 nizikague tena, wengi hawarudi. Vijana wangu walikuwa wananicheka na hiyo maka, wakasema mzee anapaka rangi kucha. Waache wacheke.

Kwa hiyo leo aliponiuliza "umeikata?" nilianza kupandisha, nikakumbuka yule mzee. Nikamwambia dada njoo uone. Nikamwonyesha yale maji ya kutu kwenye beseni, nikamwonyesha kichwa cha bolti na ule unga mweupe kwenye meno, nikamweleza chuma na aluminiamu. Alafu nikamwambia na hili: maji haya niliyaona kabla sijaweka spana, nilitakiwa nikuite, sikukuita, kwa hiyo kuitoa hii bolti sikutozi. Hata ningekuita, sijui, labda ingekatika vilevile. Lakini ungekuwa umejua.

Alinyamaza kidogo akasema sawa fundi, nimekuelewa. Akapiga picha kile kichwa akamtumia kaka yake. Simu ikaita hapohapo, alikuwa ameiweka spika, nikasikia vizuri kabisa, "mwulize kwa nini ameikata."

Imekatikia ndani, sawasawa na uso wa bloku, hamna pa kushika na plaizi. Nimepiga alama katikati na senta panchi, nimetoboa kwa biti ya milimita 3, nikajaribu biti ya kushoto ile inayozunguka kinyume nikitegemea itaikamata ije nayo, haikuja. Nilikuwa nimeshachukua ekstrakta, kile kifaa cha kung'olea bolti zilizokatika, nimeiweka kwenye tundu, nikaanza kuminya, nikasikia mkono unatetemeka kwa uchovu nikaitoa. Ekstrakta ikikatikia humo ndani ni chuma kigumu, biti ya kawaida inahangaika kukitoboa, hapo sasa ndo utaongea lugha zote. Kesho asubuhi na akili ya usingizi tutaipasha moto kidogo, kidogo kweli maana aluminiamu haisubiri, na jamaa wa kuchomelea atakuja aijengee ncha juu yake aishikize nati, ule moto wenyewe wa kuchomelea mara nyingi ndo unaiachisha. Ikigoma tunaitoboa yote tunaweka helikoili, yaani meno mapya ya waya wa chuma.

Kichwa chake kiko hapa mezani.